Leseni ya Marehemu Gaudens

Kihwele alikuwa amevaa koti la kaka yangu, ameshika gongo la kaka yangu, anachechemea kama kaka yangu, na sisi wafiwa tulikuwa hoi kwa kicheko, pale Ghala, lile duka la gemu la mtandaoni, ilipomsikia.

Tulikuwa tumetoka makaburini. Watu wameshanawa, ugali na maharage vinagawiwa chini ya turubai. Kazi ya mtani msibani nani asiyeijua? Sisi Wangoni tuna Wahehe wetu. Mababu walichinjana mpaka wakachoka, wakaona afadhali wabaki kutukanana tu, na ndiyo mila mpaka leo. Kule kaburini Kihwele alishajilaza ndani ya shimo, akisema haiwezekani Mngoni atangulie kupumzika wakati Mhehe bado yuko kazini. Tulimbembeleza kwa jogoo mzima ndipo akatoka. Sasa alikuwa ameingia sebuleni, amekaa kwenye kiti cha Gaudens mbele ya kompyuta, amevaa hedifoni zake, ameshika usukani wake wa gemu, anaendesha semi ya makaa ya mawe huku akiongea kwa sauti ya Gaudens kabisa, ile ya kutokea puani.

"Tingo! Wee tingo! Shuka uangalie tairi, unakodolea macho wasichana wa Madaba!"

Mhehe huyu anaiga kila mtu pale Bombambili. Alishawahi kumtoa mwenyekiti wa mtaa bafuni na povu kichwani, kwa sauti ya mke wake. Lakini siku hiyo alijipita mwenyewe. Wifi yangu Rustika, mjane, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu Gaudens alipokata roho, alicheka mpaka khanga ikamdondoka begani. Nilimshukuru Mungu kwa kicheko kile.

Ndipo kioo kikawa cheupe chote, na sauti ya kike ikatoka, tulivu, ya kukera.

"Juzi akaunti hii ilitangaza kifo cha mmiliki. Leo mmiliki anacheza. Uthibitisho wa uhai utafanyika saa kumi jioni. Mmiliki akithibitika kufariki, leseni zote zitafungwa na kivuli kitafutwa."

Kicheko kilikatika papo hapo. Nje mtu alikuwa bado anagonga sahani akiomba mboga.

"Juzi ilitangaza nani?" niliuliza.

"Mimi," Rustika alisema. "Niliweka tanzia kwenye ukurasa wake. Picha, msalaba, saa ya misa. Si ndipo rafiki zake wangeiona? Kila mtu anafanya hivyo, wifi. Ningejuaje kwamba Ghala nayo inasoma tanzia za watu?"

Kihwele alivua hedifoni taratibu. "Nimefanya nini mimi?"

"Umefanya Uhehe wako," nilimwambia. "Umeharibu."

Nilikosea. Hakuwa ameharibu. Tanzia peke yake ingetosha kufunga kila kitu, na Ghala ingekuja tu kimya kimya ikazima. Lakini sasa Ghala ilikuwa na shaka, na palipo na shaka mtu anaweza kupenyeza uongo. Niliona machoni mwa Rustika kwamba ameshaliona hilo kabla yangu.

*

Tulifunga mlango, nikazima kinasa sauti, tukabaki watatu. Saa kumi haikuwa mbali.

Mimi ndiye wakala wa Ghala hapa Songea, na nimechoka kuwaeleza watu kitu kimoja: gemu hununui. Unanunua ruhusa ya kuicheza. Gemu yenyewe iko kwenye mitambo ya Ghala, huko mbali kusikojulikana, na kompyuta yako ni dirisha tu la kuchungulia. Watu husikia, hutikisa kichwa, halafu hubonyeza "nakubali" bila kusoma hata mstari.

Na sisemi ni kitu kibaya. Sitakuja kusema hivyo hata leo. Wezi walipoingia humu wakabeba kompyuta na usukani, Rustika alilia kama kafiwa. Tuliazima mashine kwa jirani, Gaudens akaandika jina na neno lake la siri, na semi yake ilikuwa imesimama palepale alipoiacha, Madaba, hata taa za hatari bado zinawaka. Enzi za sidii mwizi angeondoka na kila kitu. Tena hao vijana wa Mbeya walioitengeneza gemu hiyo, *Mlima Hadi Mlima*, nani angewapa duka? Walikuwa wanalala chumba kimoja cha kupanga, na Ghala ikawauzia mpaka Japani. Baadaye waligombana, kila mmoja akashika njia yake, gemu ikatolewa sokoni. Aliyekuwa na ruhusa anaendelea kucheza. Asiyekuwa nayo, pole yake, hata awe na pesa gunia zima.

Na ruhusa hairithiwi. Mtu akifa inakufa naye.

Lakini Rustika hakuwa analilia gemu. Alikuwa anakililia kivuli. Ukicheza muda mrefu Ghala inajifunza mkono wako na mdomo wako: unavyokata kona, unavyomtukana mbuzi akikatiza barabara. Siku ambayo hupo, kivuli kinaendesha badala yako kwa sauti yako, ili mwenzako asisafiri peke yake. Gaudens aliacha mguu wake mlima Lukumburu, kwenye semi ya kweli, na Kihwele ndiye aliyekuwa tingo wake siku ile. Baada ya hapo hakuendesha tena ila humu ndani, na tingo akawa Rustika, kwenye kibodi cha pili. Kila safari iliisha kwa maneno yaleyale: "Tingo, weka jiwe." Rustika anabonyeza, jiwe linakaa nyuma ya tairi, Gaudens anasema "Tumefika," wanakwenda kula. Tangu afe, kila asubuhi nilikuwa namkuta Rustika pale kwenye kibodi chake, anasafiri na kivuli.

"Kihwele atajibu," alisema. "Atasema yeye ni Gaudens na tanzia ilikuwa mzaha. Basi, imekwisha."

"Shemeji, hapana," Kihwele alisema.

"Asubuhi umelala kwenye kaburi lake! Sasa maneno mawili yanakushinda?"

"Mtani humwigiza marehemu ili watu wacheke, wamwachie aende. Nyie mnataka nimwigize ili asiende. Hiyo siyo kazi niliyorithi."

"Kwani tunamwibia nani?" Rustika alinigeukia mimi. "Niambie wewe uliyesomea. Gemu haiuzwi tena. Ghala inapungukiwa nini mimi nikimsikia mume wangu?"

"Mlilipia ruhusa, wifi, ruhusa ya Gaudens..."

"Ruhusa! Nikinunua jembe, siku nikifa jembe linabaki kwa wanangu. Hakuna anayekuja kuuliza kama mwenye jembe bado anapumua!"

Nilimjibu kwa hasira, kama nifanyavyo nikikosa jibu.

"Shahidi ni mimi! Ghala haijiamini yenyewe. Lazima wakala aliyeko hapa aweke dole na atamke kwa mdomo wake. Nikibainika nimesema uongo, hawafungi hii peke yake. Wanafunga kila akaunti niliyoifungua mimi. Ya Padre Otmar, za walimu, za wale watoto wa kituo cha Ruhuwiko wasioweza kutoka kitandani. Wale humo ndani wanakimbia, Rustika. Humo tu. Niwazimie wote?"

Alikaa chini sakafuni. Hakulia. Alisema kwa sauti ndogo, "Basi nisaidie wewe kuniambia nitalalaje."

Hapo nilishindwa. Wacha wanaotaka kunihukumu wanihukumu. Gaudens alinibeba mgongoni kuvuka mto Ruvuma tukiwa wadogo, aliniimbia, alinichapa, alinisomesha kwa pesa za makaa, na sauti yake ilikuwa mle kwenye mashine, nzima kabisa. Nilikuwa namtaka kaka yangu. Nilijiambia Ghala haitagundua kamwe, na wale watoto hawatadhurika, na hata mwenyewe sikuyaamini niliyojiambia.

"Nitaweka dole," nilisema.

Kihwele aliokota kofia ya Gaudens chini akaivaa. "Moto nimeuwasha mwenyewe," alisema. "Lakini mjue, hapa sichezi utani tena."

*

Saa kumi ilipogonga, akina mama nje walikuwa wameanza rozari. Nilifunga dirisha, nikawasha kinasa sauti.

"Gaudens Haule, upo?"

"Nipo. Ulitaka niwe wapi, peponi?"

Alikuwa Gaudens mtupu.

"Tanzia ya juzi ilitoka kwako?"

"Ni Wahehe hao. Unawajua Wahehe? Ukiwaachia simu dakika moja wanakuzika."

"Asante. Uthibitisho utafanywa na kivuli chako. Kimekaa nawe zaidi kuliko sisi. Mtashuka mlima mmoja pamoja, kisha kitasema kama wewe ndiye. Ikibidi shahidi na mmiliki wazungumze faragha, zimeni kinasa sauti."

Hilo sikulitegemea. Nilidhani yatakuwa maswali ya tarehe ya kuzaliwa na jina la mama. Kwenye kioo ilitokea barabara, mvua nyembamba, na pua ya semi ikiwa imeelekezwa chini, Lukumburu yenyewe, palepale. Rustika alivuta kiti cha tingo akakaa.

Kisha kaka yangu akaongea kutoka kwenye spika. "Haya, nani kakaa kwenye kiti changu?"

"Mwenye kiti," Kihwele alijibu kwa sauti ileile.

"Kama ndiye mwenyewe, hapa tunashuka na gia gani?"

"Ya pili, na mguu mbali na breki. Breki ni za Wahehe."

Kivuli kilicheka. Kihwele akacheka. Vicheko vilikuwa kimoja, huwezi kuvitenganisha. Semi ikaanza kuteremka. Niliangalia mikono ya Kihwele kwenye usukani: kila kona aliikata kwa namna ya Gaudens, akichelewa kidogo halafu akivuta kwa ghafla, maana alikaa miaka ile pembeni yake akimtazama. Kona ya tatu mbuzi walikatiza, na wote wawili wakatukana tusi moja kwa pamoja, tusi ambalo siwezi kuliandika. Jasho lilikuwa linamtiririka Kihwele mpaka kwenye ukosi wa koti. Walipokaribia ile kona iliyokula mguu, kivuli kikanyamaza. Kihwele naye akanyamaza. Gaudens hakuwahi kuongea kwenye kona ile.

Wakapita.

"Ndiye," kivuli kilisema. "Huyu ni mimi."

"Kivuli kimethibitisha," Ghala ilisema. "Semi itasubiri. Shahidi, weka dole na utamke."

Nilizima kinasa sauti ili nivute pumzi. Nilikuwa nataka kupiga vigelegele. Kibao cha dole kilikuwa mezani, kinawaka kijani, na nilishanyoosha mkono.

"Kimesemaje?" Rustika aliuliza.

"Si umesikia? Kimesema ndiye. Tumeshinda, wifi."

"Kimesema Kihwele ndiye Gaudens."

"Si ndicho tulichokuwa tunakitaka!"

Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anaitazama spika.

"Mara ngapi Kihwele amebisha hodi hapa kwa sauti ya padre?" alisema. "Kwa sauti yako wewe, Oliva? Mimi nilikuwa nakimbia kufungua kama mjinga. Na Gaudens huko chumbani, hajaona hata kivuli cha mtu mlangoni, anapiga kelele, 'Rusti, usifungue, ni yule Mhehe!' Hajawahi kumkosa. Hata alipokuwa na homa, hamjui padre aliyekuja kumpaka mafuta, Kihwele alikohoa tu pale mlangoni na Gaudens akacheka." Aliinyooshea spika kidole. "Na hiki kimeshuka mlima mzima na Mhehe ndani ya koti lake. Kimemwita 'mimi'."

Kihwele alikuwa ameuachia usukani. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Kweli," alisema. "Nilikuwa nangoja anitukane. Njia nzima nilikuwa nangoja."

"Huyu siye," Rustika alisema. "Anaongea kama yeye, ila siye. Sema ukweli, wifi."

Nitasema jambo ambalo hata Rustika sijamwambia: bado nilikuwa nakitaka. Mbele ya maneno yote hayo, mkono wangu ulikuwa bado unaning'inia juu ya kile kibao. Sauti ni sauti. Njaa ikizidi, hata ukoko unalika. Mimi ningelikubali hilo, nikalala nalo, nikazeeka nalo, na kila mara niwapitiapo watoto wa Ruhuwiko ningeangalia pembeni.

"Shahidi?" Ghala iliita.

Niliwasha kinasa sauti.

"Mimi ni Oliva Haule, wakala wa Songea. Aliyekaa hapa ni Festo Kihwele, Mhehe wa Ilula. Gaudens Haule ni kaka yangu na tumemzika leo." Sauti ilinipasuka hapo, nikaimalizia hivyohivyo. "Alikuwa mtu mzuri. Sijui kama mna pa kuandika hilo."

"Poleni kwa msiba," Ghala ilisema. "Hatuna pa kuandika hilo. Wakala utaitwa kuhojiwa. Akaunti za wateja wako haziguswi. Leseni za marehemu zitafungwa. Safari iliyokwisha kuanza itamalizika kwanza."

Hiyo ndiyo sheria pekee ya Ghala ninayoipenda. Wachezaji waliipigania zamani, wakachoka kukatwa njiani.

Kihwele alisimama kutoka kwenye kiti cha dereva. Nilidhani Rustika atahamia pale. Hakuhama. Alibaki kiti chake cha tingo, na kivuli kikashika usukani chenyewe, semi ikateremka kipande kilichobaki. Kilikuwa kinaongea njia nzima: viazi vya Madaba vimepanda bei siku hizi, wipa ya kushoto inakwaruza, tingo huyu leo mbona haongei. Rustika alikuwa anaitikia kila kitu. "Ndiyo, dereva." "Nitaiangalia, dereva." Nje rozari ilikuwa imefika matendo ya utukufu.

Chini ya mlima semi ikasimama, breki za upepo zikapumua.

"Tingo, weka jiwe."

Rustika aliweka kidole juu ya kitufe, akakiacha hapo.

Nilielewa kwa nini. Bila jiwe safari haiishi. Semi ingebaki inanguruma pale chini ya Lukumburu, na Ghala ingengoja, maana sheria ni sheria, na angeweza kukaa pale mpaka kesho, mpaka mwakani, kidole juu ya kitufe.

"Tingo! Umelala? Weka jiwe."

Nilitaka kumwambia asiweke.

"Nimeamka, dereva," alisema, na akabonyeza.

"Tumefika," kivuli kilisema, na kioo kikazima. Tulibaki tunajiona mle ndani, watatu, tumevimba macho.

Rustika aligeuka kwenye kiti. Alimtazama Kihwele kuanzia kofia mpaka viatu, kama ndiyo kwanza anamwona ameingia.

"We Mhehe," alisema. "Nani kakuruhusu? Vua koti la mume wangu."

Kihwele akalivua, analia kwa sauti kama mtoto, na Rustika akalichukua akalivaa yeye, akafungua mlango, akaenda kukaa na wenzake kwenye mkeka.